Goti Lililotoa Ushuhuda Mapema

Mpendwa mshauri Domitille,

Naomba msaada wako, na naomba usitaje jina langu redioni maana hapa Rumonge tunajuana. Mimi ni mama wa watoto wanne, mzaliwa wa Baraka, ng'ambo ya ziwa kule Kongo, kazi yangu ni kuanika ndagala, hawa dagaa wetu wa Tanganyika, na mwezi wa pili niliteleza nikishusha beseni kutoka kwenye mtumbwi, goti likapinda kwa ndani, na tangu hapo likawa linakwama katikati ya hatua mpaka machozi yananitoka. Bujumbura daktari akasema gegedu limechanika, ule mto laini ulio kati ya mifupa ya goti, akanifanyia ule upasuaji wa matundu madogo, kamera nyembamba inaingia tundu moja na vyombo tundu jingine, akalishona humo humo ndani, na kesho yake nikarudi nyumbani na plasta mbili ndogo kama za mtoto aliyejikwaruza. Aliniambia magongo wiki sita, kupiga magoti nisithubutu mpaka aniruhusu yeye, mazoezi kwa mtaalamu wa viungo kila wiki, nami nikaitikia yote, ndiyo daktari, ndiyo daktari.

Shida ni kwamba watu walikuja kunitazama, wakatafuta kidonda wasikione. Mama mkwe akainua plasta akasema, "Kidonda iko wapi? Docta alikutoboa tu, hakukupasula. Mungu ndiye alifanya kazi." Mume wangu ni shemasi, kanisa lilikuwa limefunga siku tatu kwa ajili yangu, na kwetu anayefungiwa sala akirudi hai hutoa ushuhuda asicheleweshe, basi siku ya kumi na moja nikasimama mbele, ngoma zinapigwa, mchungaji akauliza, "Mama, unaamini?" nikasema ninaamini, nikaachia magongo, nikapiga magoti kushukuru, nikasikia kitu kimekatika ndani kama uzi wa wavu, lakini nikatabasamu kwa sababu watu walikuwa wanalia kwa furaha.

Sasa wiki imepita. Goti limevimba, lina moto, tundu moja linatoa maji ya njano, na jana nilitetemeka kwa homa mchana kutwa. Mume wangu anasema nikirudi hospitali nitamfanya Mungu muongo na yeye kichekesho. "Vumilia kidogo, mama batoto. Watu batasema nini?" Mshauri, sikutaka kudanganya, ila nilidanganya, na naona haya hata kusali. Nifanye nini?

Mama wa Rumonge

*

Mama, amahoro, amani iwe kwako.

Barua yako umeiandika Jumatatu, mimi nimeipata leo Alhamisi, na siku tatu hizo zinanitia hofu. Jina lako sitalitaja. Kanisa zima litakutambua hata hivyo, na kwa hilo nisamehe, lakini goti lako haliwezi kungoja.

Goti lenye moto, linalotoa uchafu, pamoja na homa, si la kuvumilia. Inaelekea sana vijidudu vimeingia ndani ya kiungo. Humo vinaliharibu gegedu kwa siku chache tu, na vikiingia kwenye damu vinaua. Nenda hospitali iliyo karibu leo, si Jumapili. Chukua karatasi zako za Bujumbura, taja siku uliyopasuliwa na siku uliyopiga magoti, usione haya, kisha wampigie simu daktari aliyekushona. Mtu asikukande kwa maji ya moto wala mawese, na vidonge vya dukani viache. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikibana, sema hapo hapo, huenda ni damu iliyoganda.

Nikukaripie kidogo. Daktari hukumsikiliza, ulimwitikia tu. Tundu ni dogo kwa nje, ndani kulikuwa na mshono, na mshono haujui kama kuna ngoma. Wenzangu mnaosikiliza, magoti hayafanani: aliyepunguzwa kipande cha gegedu mara nyingi hukanyaga mapema, aliyeshonwa husubiri wiki nyingi, na kuchuchumaa ni baadaye zaidi. Muulizeni daktari wenu kabla hamjatoka wodini, mwandike anachosema, kisha mwonyesheni mama mkwe hiyo karatasi.

Sitakupamba maneno, mama. Pengine watalifungua goti tena na kuliosha. Pengine hutainama tena juu ya ndagala kama zamani. Nasikitika, nasikitika sana, maana ulifanya hivyo kwa shukrani. Mungu hakuwa muongo. Watu walikuharakisha, nawe ukakubali. Ukipata nguvu, simama pale pale uwaambie: nilisema nimepona, kumbe bado.

Na wewe shemasi, umeshajitambua. Unauliza watu watasema nini. Ukimpeleka leo, watakayosema yatakwisha baada ya wiki chache. Ukimzika, utayasikia kutoka kwa wanao wanne, mpaka uzeeni.