Kipande cha Gauni la Mtoto

Jumamosi, 2 Novemba 2024
Sura ya pili ya tasnifu bado. Siku nzima niko na Wapuritani wa Salem, wale wa kesi za uchawi za 1692 — wacha Mungu, na kamba ya kunyongea mkononi! Kuna mwanamke walisema wamekuta vidoli vya matambara ndani ya ukuta wake. Vikawa ushahidi wa uchawi. Nimecheka, kisha nikaona aibu.

Jioni Dengfeng, mtaa wa Waafrika huku Uchina, kwa mama mdogo Sesilia. Anafunga marobota ya nguo ya wafanyabiashara wenzake. Yote yanafanana, kwa hiyo humwomba kila mwenye mzigo nguo kuukuu, anachana kipande na kukifunga kwenye robota lake. Likishuka Dar, mtu analitambua kwa mbali. Safari hii mmoja wao, Getrude, kampa gauni la mwanawe, alilokuja nalo kama kipimo cha kununulia nguo. Mama mdogo kanilazimisha niongeze ugali. Nampenda jamani.

Jumatatu, 4 Novemba
Mtoto wa Getrude amefariki huko nyumbani. Homa tu. Hata chekechea alikuwa hajaanza. Getrude ameanguka Zhanqian, katikati ya maduka. Nimelia naye.

Jumatano, 6 Novemba
Wameanza. Getrude kakumbuka lile gauni — lilichanwa, likafungwa kamba, mtoto akafa. Shedrack, anayepanga mizigo kwenye kontena letu la pamoja, kamwambia mama mdogo nafasi mei you, hakuna, kama Mchina anayekufukuza dukani. Marobota yake yamerudishwa mlangoni. Mchungaji Geofrey wa ushirika wetu anasema mama mdogo akikiri uchawi atasamehewa. Akikataa, atatengwa. Watu wale wale aliowafungia mizigo miaka yote! Nina hasira!

Jumamosi, 9 Novemba
Nimemwambia mama mdogo akiri. Ndiyo, mimi. Nimemweleza kwamba Salem waliokiri walipona, waliokana ndio walionyongwa. Sema tu yaishe, mzigo uende bandarini Nansha. Akawa anakunja na kukunjua shuka lile lile.

"Getrude atalala akiamini nimemuua mwanawe, Teddy."

Nikasema atasahau. Mjinga mimi.

Jumapili, 10 Novemba
Naandika ngazini. Ndani, ibadani, wanaimba.

Amekiri. Kwa sauti ndogo, akimtazama Getrude. Getrude alitoa kilio ambacho sitakisahau. Nikadhani yamekwisha. Ndipo Geofrey akauliza, kwa upole kabisa:

"Nani alikufundisha?"

Hilo nililisoma! Salem pia, aliyekiri alitakiwa kutaja wengine. Nililisoma na sikumwambia. Watu wakaanza kunigeukia mimi — nalala kwake kila wikendi, na vitabu vyangu vya wachawi viko mezani kwake. Mama mdogo akaona wanavyoniangalia.

"Mama yangu," akasema.

Bibi! Yuko peke yake kule upande wa Ziwa, ambako kikongwe akishatajwa, mapanga hayasubiri mahakama. Kamtaja mama yake mzazi ili mimi nipone. Na Shedrack, wa kijiji kimoja na sisi, alikuwa ameshainua simu, anatuma ujumbe wa sauti kijijini.

Nimempigia Bibi. Inaita tu. Nimempigia jirani yake, Dismas. Kabla sijamwamkia ameniuliza kama ni kweli.