Tumempata Babu Karatu

Mpendwa Baba,

Tumempata. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu anayezungukazunguka kabla ya kusema jambo. Babu amelala Karatu, kwenye makaburi ya vibarua pembeni mwa shamba la kahawa, pale ambapo kahawa inaishia na msitu wa Ngorongoro unaanza. Nimesimama pale kwa miguu yangu mwenyewe, na baba mdogo akiwa kando yangu.

Najua ungesema nini. Ungesema, "Mwache huko huko aliko." Ulisema hivyo nilipokuwa darasa la tano, mwalimu alipotuambia tuandike majina ya babu zetu. Ulikuwa unakoroga saruji uani, na hukuinua hata kichwa. "Andika hayupo." Nikaandika hayupo, mwalimu akanisimamisha mbele ya darasa. Kesho yake ulikuja shuleni na nguo zako za kazi, vumbi la saruji hadi kwenye kope, ukamwambia mwalimu kwa upole, "Mtoto ameandika nilichomwambia." Nilikupenda sana siku ile, ingawa sikuelewa.

Nakumbuka pia uliponisindikiza Arusha kuanza chuo. Basi liliposimama Makuyuni, konda akapaza sauti kwamba wa Karatu washuke waunganishe. Wewe ulikaa dirishani, upande ule ule inakoanzia barabara ya Karatu. Ukaipa mgongo. Ukanigeukia na kuanza kuniuliza kama nimebeba shuka, na soksi, na dawa ya mswaki, vitu ambavyo ulikuwa umevipanga mwenyewe kwenye begi langu.

Sikukulaumu kamwe. Ulikuwa na miaka mitano Babu alipoondoka kwetu Iramba, Singida, kwenda kutafuta kibarua kwenye mashamba ya kahawa ya Karatu, akiahidi kurudi wakati wa mavuno. Bibi alikuwa na mimba. Mavuno yakaja, baba mdogo akazaliwa, Babu hakuonekana wala hakuleta salamu. Watu wakasema ameikataa mimba, kwamba haikuwa yake. Ulikua ukipigana na watoto waliomwambia mdogo wako maneno hayo, na kovu la kwenye nyusi ulilipata huko. Ulimchukia baba yako kwa niaba ya mdogo wako. Ukawa fundi, ukajengea makaburi nusu ya kijiji, ya saruji iliyosuguliwa vizuri, ila la baba yako hukutaka hata kusikia liko wapi.

Tulipomaliza msiba wako, baba mdogo alinivuta pembeni. Unamjua, si mtu wa maneno mengi. "Kaka alinikataza kumtafuta," akasema. "Nilimtii miaka yote hiyo. Sasa hayupo wa kunikataza. Utanipeleka?"

Nilimpeleka, Baba. Tulipita Haydom na Mbulu kwa gari langu dogo, baba mdogo amevaa koti lako la kijivu. Tulichokuwa nacho ni jina tu: Yohana Kitundu.

Tulianzia kanisani Ganako, hapo hapo Karatu. Katekista alitufungulia daftari la marehemu, tukalisoma ukurasa kwa ukurasa, kisha tukazunguka makaburini kusoma misalaba. Hakuna Kitundu. Tukaenda kwenye shamba moja la kahawa, halafu la pili. Kwenye la pili mlinzi alitutangulia na fimbo kwa sababu tembo walishuka kutoka msituni alfajiri ile. Makaburi yalikuwa mengi, mengine ni mawe tu kwenye udongo mwekundu. Hakuna Kitundu. Baba mdogo alikuwa akiinama kwenye kila msalaba, akiufuta kwa kiganja, anasoma, anasema "pole" na kwenda kwenye unaofuata. Nilimuuliza anampa nani pole. Akasema, "Huyu. Alidhani tumemfuata yeye."

Mtu mmoja mjini Karatu alituambia watu wengi wa Singida waliteremkia Mang'ola kulima vitunguu. Siku ya pili tukashuka huko, kwenye joto na vumbi la malori. Tulimkuta mzee wa kwetu kabisa, Mnyiramba, anapanga vitunguu kwenye magunia. Alipotusikia tunazungumza Kinyiramba aliacha kazi. Tulipomweleza tunachotafuta, akatikisa kichwa.

"Mtatafuta Kitundu mpaka mchoke," akasema. "Kule mashambani karani hakuhangaika na jina la baba yako. Alikuandika jina la kwanza na ulikotoka. Mimi mwenyewe niliitwa Petro Singida. Tafuteni Yohana Singida."

Baba mdogo akaniangalia. "Nimemfuta jana," akasema. "Kule kwenye tembo."

Tulirudi asubuhi iliyofuata, ukungu bado umelala juu ya kahawa. Akaniongoza moja kwa moja hadi kwenye msalaba mfupi wa chuma, herufi zimegongwa kwa patasi: YOHANA SINGIDA. Nilikagua kaburi kama ulivyonifundisha, Baba. Mawe yamepangwa kwa mstari, hakuna hata moja lililozama. Magugu yameng'olewa. Nikamuuliza mlinzi nani analitunza. Akasema, "Bibi Magdalena. Kila mwaka anakuja na wajukuu zake."

Bibi Magdalena ni Mwiraki, ana zaidi ya miaka themanini, anakaa nyumba ya tatu baada ya geti la shamba. Tulimkuta anapepeta maharage. Nikajitambulisha kwamba ni mjukuu wa Yohana aliyelala kule juu, na huyu ni baba yangu mdogo. Aliweka ungo chini taratibu.

"Yohana aliacha mke mjamzito," akasema. "Mtoto alizaliwa salama?"

"Alizaliwa," akajibu baba mdogo. "Ndiye mimi."

Yule bibi akainuka, akamsogelea.

"Basi wewe ndiye Msengi."

Hakuna aliyekuwa amemtajia jina, Baba. Nakuapia. Tangu tufike pale nilikuwa nikimwita baba mdogo tu. Unakumbuka Bibi alivyokuwa akisema jina hilo aliachiwa na mume wake kabla hajaondoka, na watu wakimcheka kwamba analitunga? Hakulitunga.

Bibi Magdalena akatusimulia. Alikuwa msichana mdogo, baba yake mtu wa Mbulu, wakikaa chumba kinachofuata na cha Babu. Babu alifanya kazi miezi mitatu tu. Ulipoingia msimu wa baridi mapafu yakamshika, hakumaliza wiki. Alikuwa ameshanunua kitenge cha kumbebea mtoto, na kila jioni alimwambia jirani yake kwamba akizaliwa wa kiume ni Msengi. Walimzika wao. Wakamtuma mtu aliyekuwa anakwenda Singida alete habari kwetu, lakini yule mtu alipata kazi njiani, hakufika.

"Kitenge mama alikitunza, tukiwasubiri," akasema. "Hamkuja. Mwishowe akambebea mdogo wangu. Na jina akampa. Nyumba nzima Wairaki, huyo mmoja Msengi. Huyo Msengi wetu alifariki miaka mingi iliyopita. Baba yangu alituachia agizo tu: kaburi la Yohana lisiote majani, ana watoto."

Baba mdogo alipiga magoti pale kwenye maganda ya maharage, akamshika yule bibi mikono yote miwili. Alilia kwa sauti. Mzee wa umri ule, Baba, na sikuona haya hata kidogo. Mimi pia nililia.

Wazee wa ukoo walitaka mifupa irudishwe nyumbani. Baba mdogo alikataa. "Amelala kwa watu waliomtunza kuliko sisi," akawaambia. "Anabaki." Na mimi nasema amefanya sawa.

Sikuandikii ili ujute. Ulimlinda mdogo wako kwa ulichokijua, na ulichokijua kilikuwa kidogo. Lakini nakuambia wazi sasa, kama vile wewe ungeniambia mimi: Babu hakutukimbia. Alikufa akihesabu siku za kurudi. Ile hasira unaweza kuitua. Sisi wengine tumeshaitua, na nashangaa jinsi mabega yangu yalivyo mepesi.

Juzi nilimpigia baba mdogo asubuhi, simu ikaita muda mrefu bila kupokelewa. Mke wake akaniambia amepanda basi tangu jana, hajasema anakwenda wapi. Nilianza kuwa na wasiwasi. Mchana akanipigia mwenyewe. Nikasikia upepo, na mwanamke mzee akicheka kwa nyuma.

"Uko wapi, baba mdogo?"

Ana zaidi ya miaka sitini na tano, na sikuwahi kumsikia akilitamka neno lile kwa ajili yake mwenyewe. Alilitamka kama mtoto aliyetoka shule.

"Nipo kwa baba."

Pumzika, Baba yangu. Huku tuko sawa.

Binti yako wa pili,
Neema