Picha ya Binti ya Mama Feza

Jumatano, Kalemie

Kasongo njo alinifanyia hivi. Mwalimu mwenzangu, tulikula sahani moja miaka sita.

Asubuhi Mama Feza alitoka kambi ya wahamishwa, akanipatia picha ya binti yake aliyepotea siku walipokimbia Nyunzu.

"Papa Mwalimu, tumesikia kompyuta mupya za Ulaya zinatafuta njia zote kwa mara moja. Utie picha, itasema mutoto wangu yuko wapi."

Maneno hayo ni yangu. Nilimueleza Kasongo hizo kompyuta mupya, zinaitwa za kwantiki. Lakini nilimuambia pia kwamba zingali ndani ya maabara, zinataka baridi kali, zinakosea sana. Wataalamu wanatumaini siku moja zitasaidia kutengeneza dawa na kufungua maandishi ya siri. Kutafuta muntu, hapana. Hayo yote aliyaacha alipowaambia watu wa kambi.

Nilivuka kiwanja mpaka darasani kwake. Hata hakukana. "Kambini wanachagua mukubwa wa kamati, ndugu, na ninataka wanichague mimi. Niliwapa tumaini. Wewe uliwapa nini?"

Neno hilo bado linaniuma.

Nikarudi, nikamuambia Mama Feza ukweli wote, pole pole. Nikamuomba tuende pamoja kuandikisha jina la mutoto kwa wale wanaotafuta waliopotea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga picha ndani ya kitenge chake.

"Papa Kasongo alituonya," akasema. "Alisema kompyuta iko, ila wewe utatunyima."