Jina la Somoe

Jumanne, 1 Oktoba

Shule mbili leo. Asubuhi ile ya kutwa, mchana ile ya bweni. Vumbi hadi kwenye meno. Kipindi cha dini wamekiweka baada ya chakula, saa ambayo hata mimi nasinzia. Nimefundisha habari za Martha na Mariamu. Nikamwonea wivu Martha. Angalau alikuwa nyumbani kwake.

Sala ya kufunga aliomba Eliza wa kidato cha nne, kiongozi wa ushirika wa wanafunzi. Ndefu mno. Ana sauti, ana moto, na wenzake wanamsikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi.

Nilishamwambia Padre kwamba kazi hii ya kulea wanafunzi wa shule zote hizi inanizidi. Akasema tuombe apatikane msaidizi. Bado tunaomba.

Alhamisi, 3 Oktoba

Niko Masasi, kikao cha kanisa. Matroni wa shule ya bweni amenipigia asubuhi, anahema. Jana jioni wasichana walianguka bwenini. Alianza Rehema wa kidato cha pili. Akapiga kelele, akajirusha chini. Akafuata mwingine, kisha wengine. Eliza na kundi lake wakawazunguka wakikemea mapepo. Katikati ya fujo Rehema alikuwa anaita jina moja tu. Somoe. Somoe. Somoe.

Eliza akatangaza kwamba Roho amefunua. Kulipokucha shule nzima ilikuwa imeshahukumu. Somoe ni mchawi.

Huyo Somoe ni Mwislamu, naye kidato cha pili, ametoka Mnyambe. Analelewa na bibi yake. Simfundishi. Namjua kwa sura, mpole, hutangulia kusalimia.

Sikusikia tena kitu kikaoni.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimerudi Newala, nikaenda moja kwa moja shuleni. Godoro la Somoe liko nje, juani. Mwenyewe kafichwa chumbani kwa matroni, kakaa sakafuni.

"Shikamoo, Mama."

Nikaitikia. Nikamuuliza kimetokea nini.

"Mimi sijui, Mama. Nilisikia naitwa, nikakimbilia. Wakanisukuma."

Basi. Hakulia. Afadhali angelia.

Mkuu wa shule anataka niongoze ibada kubwa ya kufukuza mapepo, na Somoe aende kwao mpaka mambo yatulie. Nikamwambia akienda sasa, mtihani wa kidato cha pili utampita.

"Mama Tumaini, najua. Lakini shule nzima haisomi. Nimwokoe mmoja nipoteze wote?"

Si mtu mbaya. Amechoka kama mimi. Nimeomba anipe kesho niongee na walioanguka, kabla ya ibada yoyote. Amekubali kwa kunyanyua mabega.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimekaa maabara siku nzima. Mmoja mmoja. Karibu wote wanasema lile lile: hawalali, maji hakuna, mtihani unakuja, waliona mwenzao kaanguka na wao wakaanguka. Hakuna aliyemwona Somoe akifanya chochote.

Rehema nilimweka mwisho. Mtoto wa Lulindi, familia ya kanisa. Alikuwa anakwangua meza kwa ukucha. Niliuliza habari za nyumbani, kwa kuuliza tu. Akasema kaka yake amekufa.

Lini? Mwezi wa nane. Pikipiki. Walizika yeye akiwa hapa. Wazazi walisema amalize kwanza mitihani ya majaribio, ajikaze. Akajikaza. Usiku akilia, Somoe wa kitanda cha jirani alikuwa anahamia kwake, anamshika mkono mpaka anapata usingizi.

Jumatano jioni kifua kilimbana. Akaona anakufa.

"Nilikuwa namwita aje, Mama. Nilikuwa namwita anisaidie."

"Mbona hukusema?"

"Dada Eliza alishasema Roho amefunua. Niliogopa."

Nilimkumbatia. Nilimwendea mkuu, nikamweleza. Akakuna kichwa. Ibada imeahirishwa. Somoe abaki kwa matroni, ila wanafunzi waambiwe na Rehema mwenyewe. Rehema hajakubali. Sitamlazimisha.

Jumapili, 6 Oktoba

Kanisani mwili tu. Nina hasira. Na Eliza, na wazazi wa Rehema, na neno "jikaze". Nimelala mchana kutwa na kuamka nimechoka vile vile.

Jumatatu, 7 Oktoba

Tumechelewa. Asubuhi Somoe alitoka kuchota maji, wenzake wakampiga mawe. Amechanika juu ya jicho. Matroni alishamwita bibi yake, naye amekuja kwa bodaboda. Mwembamba, kajifunga kanga kiunoni. Alizungumza nami Kimakonde tupu. Hakuja kugombana, alisema. Amekuja kuchukua mtoto wake. Nikamwambia kuhusu mtihani. Akaniuliza kama mtihani unazidi jicho.

Wameondoka. Rehema alikuwa dirishani anatazama. Baadaye akanifuata getini, akasema kesho atasimama.

Jumanne, 8 Oktoba

Amesimama. Kipindi cha dini, mbele ya ushirika wote, na mkuu alileta wengine, Waislamu kwa Wakristo. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi wote wanyamaze. Alisema habari za kaka yake. Alisema nani alikuwa anamshika mkono. Alipofika kwenye jina hakuweza kuendelea, wala haikuhitajika. Wasichana wengi walilia, na safari hii hakuanguka mtu.

Eliza hakulia. Alikuja baadaye, uso mkavu.

"Roho hadanganyi, Mama."

"Hadanganyi. Sisi ndio tulisikia vibaya."

Akaondoka bila kuaga. Nampenda huyu mtoto na leo sikutaka hata kumwona.

Alhamisi, 10 Oktoba

Padre kapiga simu. Wazazi wa wanafunzi wamemlalamikia kwamba namtetea mchawi dhidi ya watoto wa kanisa. Nikamsimulia yote. Akasema, "Mama Tumaini, nenda Mnyambe. Wakiuliza, mimi ndiye nimekutuma." Nilikuwa nimejiandaa kugombana.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mnyambe, na Rehema. Mkuu alitoa ruhusa. Bibi alikuwa anamenya mihogo, hakuinuka. Rehema akapiga magoti kwenye maganda, akaomba radhi. Bibi aliendelea kumenya kwa muda. Somoe alitokea ndani, bandeji juu ya jicho. Akamwinua mwenzake, akamkung'uta magoti.

Bibi akasema Somoe atarudi. Na wakimgusa tena atakuja yeye mwenyewe kulala bwenini, watajua maana ya mchawi. Tulicheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilicheka lini.

Jumatano, 16 Oktoba

Somoe yuko darasani. Wachache bado wanamkwepa. Eliza amejiuzulu uongozi. Matroni anasema leo Eliza alimbebea Somoe ndoo toka kwenye tangi mpaka bwenini. Mimi sikuona. Sitamuuliza.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimempeleka Rehema kwao Lulindi kuona kaburi. Somoe aliomba kufuatana naye.

Mama yake Rehema alitupokea akatangulia njia. Kaburi bado ni udongo mwekundu na msalaba wa mti. Majani yalishaanza kuota. Rehema alisema Baba Yetu, akakwama katikati, mama yake akamalizia. Somoe alisubiri, kisha akainua viganja, akaomba dua yake taratibu. Kisha wote wawili wakachutama, wakaanza kung'oa majani.

Nilikaa chini pembeni, viatu nimevua. Hakuna aliyeniomba neno la faraja. Upepo ulikuwa mzuri. Mama yake Rehema alikuja akakaa karibu yangu, tukawaangalia mpaka walipomaliza.