Kamba Aliyoachia Masanja

Nyarugusu, Jumanne 13 Agosti 1996

Masanja simsamehe. Leo nilizama kwenye mapango ya shimo la zamani la dhahabu, yaliyojaa maji, nione yanaishia wapi. Mpira wa hewa mdomoni, kamba kiunoni, na yeye juu ameishika. Njia ilipogawanyika nikaogopa, nikavuta mara mbili: nitoe. Kamba ikanifuata mkononi, imelegea.

Kumbe mjinga alimwona mama mkwe wake anakuja na uji, akaachia kamba, akakimbilia vichakani. "Ningefanyaje, kaka? Mama mkwe huwezi kukutana naye uso kwa uso!"

Heshima gani ya kuua mtu?

Aliyeniokoa ni mama huyo huyo: aliona kamba inateleza shimoni, akatupa uji, akaidaka, akanivuta hadi juu.

Kesho kamba anashika yeye. Masanja abaki huko huko vichakani.