Mtu wa Sitini na Tano

9 Februari

Kwa kaka yangu,

Hujambo huko mjini? Kifua kimepona? Sisi tunaendelea. Mpwa wako Kibonge katimiza miaka miwili na anakula mpaka sabuni. Tumbo langu nalo limefika mahali ambapo viatu nafungiwa na jirani.

Nina shida, na ni wewe tu wa kunisaidia. Unajua kazi yangu hapa zahanati ni kuandika kwenye daftari saa mama mjamzito anapofika na saa anapoitwa ndani. Asubuhi wakunga ni wawili, mtu hamalizi nusu saa. Lakini kuanzia saa sita mchana hubaki mmoja, na akiwa ndani na mzazi, anayefika atakaa kwenye benchi karibu saa mbili. Tumeomba mkunga wa mchana. Wakubwa wanasema tulete takwimu, maneno hawataki.

Nimekunakilia akina mama sitini na wanne. Wewe una kompyuta, tuchoree ile picha ya nguzo, kila nguzo ionyeshe ni wangapi waliongoja muda gani. Kikao ni mwanzoni mwa mwezi ujao. Mimi mwenyewe najifungua Aprili, kaka, kwa hiyo usidhani naombea watu wa mbali.

Mdogo wako

20 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na umbusu Kibonge shavuni kwa niaba yangu. Kifua kimepona, kazi ndiyo haiponi.

Picha hii hapa, inaitwa histogramu. Niliiingiza orodha yako, nikabonyeza mara moja, ikatoka imenyooka kama shati la harusi. Nakala nyingine nimewatumia wakubwa moja kwa moja. Sasa usije ukasema kaka yako hana faida.

Kaka yako

12 Machi

Kaka,

Natumaini u mzima. Sisi ni wazima, ila miguu imenivimba.

Majibu yamekuja. Wameandika: "Picha inaonyesha akina mama hamsini na watano kati ya sitini na wanne walihudumiwa ndani ya saa mbili. Hakuna haja ya mkunga wa ziada."

Nimeitazama picha yako hadi macho yakauma. Nguzo ya kwanza ni ndefu kama mnazi, imeanzia sifuri hadi saa mbili. Yaani aliyengoja dakika kumi na aliyengoja saa moja na dakika hamsini wamewekwa fungu moja? Mimi niliwaandika kila mmoja peke yake. Niliwaona wamekaa. Nani kawachanganya?

Mdogo wako

25 Machi

Mdogo wangu,

Pole na miguu, iinue ukilala.

Hakuna aliyewachanganya, programu hugawa yenyewe. Kwanza inahesabu watu. Mpaka watu nane, mafungu manne. Kumi na sita, matano. Thelathini na mbili, sita. Mpaka sitini na nne, saba. Watu wakizidi mara mbili, inaongeza fungu moja tu. Halafu inatazama aliyengoja kidogo na aliyengoja sana. Kwenye orodha yako kuna yule ambaye uchungu haukuwa umekolea, akakaa saa kumi na moja nzima. Ukigawa hizo kwa saba unapata saa moja na nusu na ushee, na programu haipendi ushee, ikaona iweke saa mbili mbili ili namba zipendeze.

Pana mahali ningeweza kuiandikia mafungu ninayotaka. Palikuwa pameandikwa "otomatiki", nikapaacha hivyo. Nikipata nafasi nitaichora upya. Mwisho wa mwezi ofisini ni vurugu tupu.

Kaka yako

30 Aprili

Kaka,

Salamu.

Nilifika zahanati saa sita na dakika kumi. Niliitwa saa nane kamili. Saa ya ukutani naijua, ndiyo ninayoandikia siku zote. Mkunga alikuwa ndani na mzazi mwingine, simlaumu. Alikuwa peke yake.

Mtoto alikuwa wa kike. Nywele nyingi. Hakulia.

Kibonge anaufunua mto wangu akimtafuta.

Chukua ile orodha yako. Muongeze wa sitini na tano: saa moja na dakika hamsini.

Mdogo wako

9 Mei

Mdogo wangu,

Sijui nikusalimu vipi.

Nilifanya ulivyosema. Niliandika ule mstari mmoja, sikugusa kingine, nikabonyeza. Picha ikabadilika. Sitini na tano imepita sitini na nne, programu ikaongeza fungu la nane, na kwa manane ikaona heri igawe saa moja moja. Ile nguzo ndefu ikapasuka mbili. Nilipoiagiza kwa mkono igawe dakika kumi kumi, wakatokea wa asubuhi huku na wa mchana kule. Katikati hakuna mtu hata mmoja.

Alikuwa amepungua mtu mmoja tu ili wale wa mchana waonekane. Na kama mimi ningeyaandika mafungu kwa mkono tangu mwanzo, nisingemhitaji huyo mtu.

Nimeomba ruhusa kazini, nikaipeleka picha mpya kwa wakubwa mwenyewe. Nilisimama pale nikawaambia kosa ni langu, na nikawaambia wa sitini na tano ni nani.

Niruhusu nije. Hata nikae nje tu, nimchezeshe Kibonge.

Kaka yako

17 Agosti

Kaka yangu,

Hujambo? Barua zako nne nimezipata zote. Usiache kula, shemeji yako anasema kwenye simu sauti yako imekuwa ya mgonjwa.

Mkunga wa mchana ameletwa. Ni mama mnene mwenye kelele, anawaita wajawazito wote "bibi harusi". Jana saa saba alikuja mmoja, akakaa kwenye benchi pale pale nilipokaa mimi. Akasubiri dakika sita. Nikaandika sita. Kisha nikaiweka kalamu, nikaenda nyuma ya tangi la maji, na waliofika baada yake waliandikwa na mfagiaji.

Najua hukukusudia. Najua pia nilikuuliza Machi, ukanijibu ukipata nafasi. Yote mawili ninayo, na hakuna moja linaloondoa lingine.

Usije bado. Siku nitakayoweza kukutazama nitakuandikia mimi. Usinikadirie siku hiyo.

Kibonge anakusalimia. Nimemwambia una kazi nyingi.

Mdogo wako