Fimbo Yako Haikuwa ya Radio

Baba,

Salamu nitaandika mwisho. Kwanza nikwambie kitu kimenikaa kooni tangu tukuzike. Ndugu yako, Baba Mdogo Wanjala, alipandisha fimbo yako ya kuvulia samaki juu ya paa, ati ishikilie waya wa radio.

Ndiyo, ile yenye mpini wa rangi ya maandazi. Waya wa shaba akaupitisha ndani ya vile vipete vya kamba, kimoja baada ya kingine mpaka nchani, halafu akaita majirani waje waone. "Hii fimbo ilitengenezewa hii kazi kabisa. Angalia, hata mashimo ya waya iko." Na majirani wakatikisa vichwa, Baba. Wakakubali. Mvua yote ya Aprili ikainyeshea, jua likaipausha, na upepo ukivuma radio inanguruma kwa sababu ncha inacheza. Si ni lazima icheze? Si ndiyo kazi yake?

Wewe na mimi tunajua vile ilichaguliwa. Yule Mzungu wa shamba la Kitale alipouza na kurudi kwao, alipanga fimbo zake zote kwenye veranda akakwambia uchukue moja, kwa miaka uliyompigia makasia pale damu, kwenye lile bwawa la shamba lake. Nilikuwa darasa la sita. Mpishi wake akakuonyesha ile ndefu nyeusi yenye vyuma vya kung'aa. Ukaipita. Ukasema hiyo ni ya kujivunia, si ya kuvulia bas, wale samaki wa damu. Ukazishika moja moja, unatikisa kidogo halafu unangoja uone ncha itatulia lini. Unasukuma ncha kwenye boriti uone inapindia wapi. Moja ukasema ni nyasi, chambo kitalala tu juu ya maji kama kimekufa. Nyingine ukasema ni rungu, itamnyang'anya samaki chambo kabla hajafunga mdomo. Ndipo ukafika kwa hii. Ncha ilipinda, shina likabaki limesimama.

Ukanipa mimi, si ndiyo? Ukanisimamisha ukingoni mwa veranda ukaniambia nielekeze ncha chini, kama maji yako pale kwenye nyasi. Haikugusa. Ukasema chambo cha mbao kinachoelea kinachezeshwa ncha ikiwa chini, na fimbo ndefu itapiga maji na kufukuza samaki wenyewe. Halafu ukauliza, "Mkono wako unasema nini, Nafula?" Nikasema unasema ndiyo. "Basi ni yako. Mimi nakuwekea tu."

Hayo maneno ndiyo nilisimama nayo siku ya kugawa vitu vyako. Watu walikuwa wameshanyolewa nywele za msiba, wazee wamekaa uani pale kwetu Kanduyi, na Wanjala ndiye anasema hiki kwa nani. Koti, gambuti, baiskeli, panga. Fimbo ilikuwa imeegemezwa ukutani pamoja na majembe. Nekesa wangu alikuwa mgongoni, ana miezi minne. Nikasema kwa heshima kwamba hiyo Baba alisema ni yangu.

Wanjala hata hakukasirika. Angekasirika ningejua amenisikia. Aliniuliza tu, "Alisemea wapi? Nani alisikia?"

Nikasema kule damu, na kule kwa Mzungu.

"Kwa hivyo mashahidi ni vyura."

Watu wakacheka, Baba. Matanga yako na watu wanacheka. Mzee mmoja akasema msichana akishaolewa anakuja kutembea, haji kuchukua. Mama aliangalia chini. Nikapewa sufuria. Mimi niliyekuwa natoa ndoano kwenye mdomo wa bas kabla sijajua kusonga ugali, nikapewa sufuria.

Nilikaa na hiyo hasira miezi mingi. Halafu nikakumbuka ulivyonifundisha. Bas akiruka na maji yakapasuka, kila mtu anavuta kwa sababu macho yameshtuka. Ulisema usivute na macho, ngoja usikie uzito mkononi. Basi nikangoja. Nilisikia kwa watu kwamba radio ya Wanjala inamsumbua, kwamba anapanda paa kila taarifa ya habari kuishika ile fimbo isicheze. Nikasema sasa.

Sokoni huku Kitale ninakokaa kuna watu wanateremsha mianzi kutoka mlimani. Nilichagua mmoja mnene, mkavu, mrefu kupita mlango wa kanisa, nikaenda nao mpaka kwetu Kanduyi, Bungoma, juu ya lori la mahindi. Kila tukisimama mtu ananiuliza naenda kupandisha bendera gani. Nikafika, nikamsalimia Wanjala vizuri, nikamwambia nimeona huruma na radio yake. Akaiteremsha fimbo yako kutoka paani, nikaulaza mwanzi chini kando yake, nikamwambia achague.

Alizitazama. Akapima kwa hatua. Nikaona macho yamewaka vile tu yalivyowaka macho ya mpishi kwa ile nyeusi.

"Unaniachia hii ndefu, wewe unaenda na hii fupi?"

"Ndiyo, Baba Mdogo."

"Roho yako ni nzuri, mama. Lakini akili ni ya baba yako."

Akacheka. Hata kile kigurudumu cha kuzungushia kamba, kilichokuwa ndani ya mkebe wa misumari, akanitupia bure. Anaambia watu mpaka leo vile alinipunja.

Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi, lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa nalia. Kitu changu nimepewa kama takataka. Nimekipata kwa ujanja, na kilikuwa changu kwa neno.

Jumamosi nikaenda damu. Shamba limekatwa vipande vipande lakini maji yapo, na bas wapo. Kipete kimoja kina kutu na mpini umepasuka kidogo, lakini ncha, Baba, bado inatulia haraka. Nikarusha karibu na matete. Wa kwanza aliruka nikavuta na macho, akaenda. Nekesa mgongoni akashtuka na ule mshindo, halafu akacheka mpaka nikamsikia mbavuni. Wa pili nikangoja. Uzito ukaja mkononi. Akina mama waliokuwa wanachota maji wakaweka ndoo chini wakanitazama. Hawakunicheka. Mmoja aliuliza nani alinifundisha.

Hapo ndipo hasira ikahama kwa Wanjala ikaja kwako.

Unakumbuka wale wanaume wa baiskeli? Walipotokea kwenye tuta la damu, uliichukua fimbo mkononi mwangu ukanipa kikapu. Walipokwenda ukanirudishia. Ulifanya hivyo kila mara watu wakija. Nilidhani ni mchezo wetu. Sasa ninajua uliona aibu, Baba. Ulinipenda damu, ukaninyamazia nyumbani. Neno moja tu mbele ya wazee, siku yoyote, hata kwa mzaha, na vyura hawangekuwa mashahidi wangu.

Nimekuambia. Sasa nimepumua.

Samaki tulimpika na nyanya, kwenye ile sufuria. Ilikuwa na nafasi ya kutosha. Mama ni mzima, amekuja kukaa na sisi Kitale kidogo, na yeye ndiye aliyeuliza kama kilibaki kipande cha shingo, ulichokuwa unampa. Nekesa ana meno mawili. Hizo ndizo salamu zangu.

Lala vizuri, Baba. Sikusamehe leo, lakini naona msamaha unakuja, nitaungoja nisikie uzito. Na Krismasi, tukikusanyika wote Kanduyi, Wanjala akiwa amekaa na wazee na radio yake inaimba, nitasimama na hii fimbo mkono mmoja na mtoto mkono mwingine, na nitasema kwa sauti ya kanisani hii ni ya nani baada yangu. Nitawauliza mmoja mmoja kama wamesikia.

Wako,
Nafula